Sauti ya kuazima

Wandugu wa chama chetu, leo siongei juu ya mbolea wala juu ya viwavi vya muhindi. Najua wengi mnanijua paka kwa mambo ya shamba, na mmoja wenu aliniuliza kama lisansi ya kilimo inakataza mtu kuandika kitu kingine. Haikatazi. Kitu kingine njo hiki: hadithi na riwaya zinazosomwa kwa sauti, na watu wanaozisoma. Nimezisikiliza miaka mitatu sasa, karibu kila siku, na niko na neno juu yao.

Nianze na namna ninavyosikiliza, kusudi msiseme ni maneno ya mtu wa mjini asiye na kazi. Hapa Kabondo-Dianda sijaona duka linalouza riwaya za Kiswahili. Kilichopo ni kijana mmoja wa soko, mwenye kompyuta na pano ya jua. Unamletea karte ya memwari, unalipa, anakujazia: muziki, mahubiri, filamu zilizotafsiriwa, na kile anachokiita "masimulizi". Hachagui, na wewe hauchagui; unafika nyumbani njo unajua umenunua nini. Mimi nikiwa shambani mikono iko na udongo, haiwezi kushika kitabu. Sikio moja ninalitia waya, la pili ninaliacha wazi kwa ajili ya nyoka na kwa ajili ya watu wanaopita wakisalimia. Jioni karte ileile inahamia katika redio ndogo ya baba.

Baba njo sababu ya andiko hili. Alikuwa mtu wa reli, na alikuwa msomaji. Katika nyumba yetu vitabu havikuwa vingi lakini vilichoka kwa kusomwa, si kwa vumbi. Kisha glokoma ikamchukua jicho moja, ikarudi kuchukua la pili. Tulichelewa, sitaki kurefusha hapo. Sasa anakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, na mimi nilifikiri nimempatia dawa: karte nzima ya masimulizi, masaa na masaa. Siku ya tatu akaniita.

"Mama," akasema, kwa sababu vile njo baba zetu wanavyowaita binti zao, "huyu mutu eko anasoma ao eko anauzisha dawa?"

Nilicheka, lakini nilikasirika kidogo. Ile simulizi mimi niliipenda. Mnaijua aina yake, wengi wenu mko nayo katika telefone: sauti nzito ya mwanamume, inatoka kama ndani ya kisima; piano nyuma, kisha radi, kisha mlango unaolia; sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya arubaini; msichana, tajiri, mchawi, na kila sehemu inakatika pale mtu anapofungua mlango. Zinatoka zaidi Tanzania. Sizidharau. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kumaliza kitabu kisicho cha mtihani, alisikiliza sehemu thelathini za hadithi moja akitembeza maji ya kuuza, na siku ile mwisho ulikosekana kwenye karte alinuna mpaka usiku. Mtu anayefanya kijana wa namna hiyo anune juu ya hadithi ya Kiswahili amefanya kazi, na mimi sitamvunjia heshima.

Lakini nilirudi kusikiliza kwa sikio la baba, na kumbe alikuwa na haki. Kila kitu kinasemwa kwa ukali uleule. Msichana amepika bukari: sauti inatetemeka. Msichana amekufa: sauti inatetemeka vilevile. Mtu aliye na macho anaweza kuvumilia, kwa sababu huku anasikiliza, huku anaangalia kuku, njia, watoto. Mtu asiyeona hana kitu kingine. Ile sauti njo dunia yake nzima kwa saa moja, na ikiwa dunia nzima inatetemeka, hajui tena wapi pa kuogopa.

Njo pale nikaanza kuita kitu hiki sauti ya kuazima. Huyu ndugu, nikimsikia mwanzoni anaposalimia wasikilizaji wake, ana sauti nzuri ya kawaida, ya mtu ninayeweza kukaa naye. Hadithi ikianza anaiweka pembeni, anavaa nyingine, ile ya matangazo ya filamu. Na nguo ya kuazima, bazee wanajua, haikai vizuri mabegani.

Niende mbali kidogo. Vitabu vya sauti watu wanadhani vilianza na Audible, ile kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1995 na ambayo Amazon iliinunua mwaka 2008. Hapana. Vilianza kwa ajili ya watu kama baba. Marekani mwaka 1934, Uingereza mwaka 1935, vitabu vizima vilianza kusomwa katika sahani za santuri kwa ajili ya vipofu, na kati yao kulikuwa askari waliopoteza macho katika vita ya kwanza ya dunia. Katika vile vya kwanza vya Uingereza kulikuwa Typhoon ya Joseph Conrad na The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika kama 25, kwa hiyo riwaya moja ilikuwa mzigo wa kubeba kwa mikono miwili. Na ubishi wa baba ulikuwepo tangu wakati ule: wasikilizaji walibishana kama msomaji aigize ao asome tu. Wengi waliomba asome tu, awaachie wao kazi ya kuwaza, sawasawa na mtu mwenye macho anavyoachiwa kazi hiyo na karatasi. Mimi niliposoma habari hii nilimwambia baba. Akajibu kwamba hakuhitaji Waingereza kwa kujua hilo.

Sasa kuna wenzangu wataniambia: lakini sisi watu wa Katanga tumelelewa na maigizo. Kweli kabisa, na hapo tusichanganye vitu. Mchezo wa redio ni mchezo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo wazazi wetu walilifuata redioni na katika televisheni, halikuwa na karatasi ya kusoma. Walipatana juu ya habari, wakagawana watu, kisha kila mmoja akasema kwa maneno yake, katika Kiswahili cha Lubumbashi jinsi kinavyosemwa kwenye parsele. Johannes Fabian alikaa nao mwaka 1986 walipotengeneza mchezo juu ya usemi kwamba mamlaka huliwa nzima, na kitabu alichoandika, Power and Performance, kilitoka mwaka 1990. Pale kila mtu ana mdomo wake na maneno ni mali yake. Tanzania vilevile, Twende na Wakati ya Radio Tanzania, tangu mwaka 1993, ilikuwa na Mkwaju dereva wa lori na mke wake Tunu, kila mmoja na mchezaji wake. Hakuna aliyelazimika kuwa watu saba peke yake.

Na mtafsiri wa filamu naye ni kazi nyingine. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya: wanaongezea, wanatania, wanampatia Mchina jina la jirani yao. Wana ruhusa, kwa sababu picha iko pale mbele yako. Akisema uongo, macho yako yanajua, na unacheka mara mbili. Msomaji wa kitabu hana picha ya kumsaidia. Kitu chochote anachoongeza kinakaa juu ya kitabu na kukifunika.

Nitoe mfano wa kazi iliyo ngumu kweli, kwa sababu wanaolaumu wasomaji mara nyingi hawajui ugumu wenyewe. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Akamwambia." Nani alimwambia nani? Kwenye karatasi jicho linarudi juu mstari mmoja, linaona jina, linaendelea. Sikio halirudi. Kwa hiyo msomaji ana tatizo ambalo msomaji wa Kifaransa hana kwa kiasi kile, na wengi wanalitatua kwa njia ya mkato: mwanamke anapewa sauti nyembamba ya puani. Nilisikia faili moja ya Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Msomaji hakutaja jina lake na mimi sitamtafuta. Katika kitabu kile kuna Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee na akakimbia, na kuna Mwajuma, rafiki yake anayempokea Ng'ambo. Ni watu wawili mbalimbali kama chumvi na sukari: mmoja bado anajifunza kusimama, mwingine amesimama zamani na anacheka. Katika faili ile wote wawili walikuwa mbuzi mmoja. Hata mbuzi zangu mimi ninazitofautisha kwa sauti.

Dawa yake iko, na haihitaji puani. Ni kunyamaza. Nusu ya sekunde kabla ya jibu inatosha kuonyesha kwamba mdomo umebadilika. Kisha maneno mawili ya kwanza ya jibu yabebe hali ya mtu: amechoka, ana haraka, anaficha kitu. Baada ya hapo msikilizaji anajiendesha mwenyewe mpaka mwisho wa mazungumzo. Lakini kwa kufanya hivyo msomaji lazima awe amesoma ukurasa mbele ya kuufungulia mashini, ajue nani amekasirika na kwa nini. Wengi wanausoma mara ya kwanza mbele yetu. Unawasikia: wanaanza sentensi kwa furaha, wanagundua katikati kwamba ni sentensi ya msiba, wanageuza sauti kama dereva aliyekosa njia.

(Wale mnaosikiliza kwa mwendo wa moja na nusu ao mara mbili, sina la kuwaambia. Mnakula nyama bila kutafuna, na tumbo ni lenu.)

Faili ambayo baba aliipenda kuliko zote ilikuwa ya mtu anayesoma Siku Njema ya Ken Walibora. Nadhani alikuwa mwanafunzi, maana Kenya kitabu kile kilisomwa sana mashuleni. Kilitoka mwaka 1996. Sauti yake haikuwa na kitu cha pekee. Nyuma ulisikia jogoo na pikipiki. Mara mbili alikosea na akarudia bila kuomba radhi. Lakini kitabu kinasimuliwa na Kongowea mwenyewe, kwa "mimi", akitoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kenya, na yule kijana alikisoma kama mtu anayekumbuka, siyo kama mtu anayetangaza. Walibora mwenyewe alikuwa mtangazaji, alisoma habari KBC na NTV, na sentensi zake zinaonyesha: zina pumzi ndani yake, unajua wapi pa kuvuta hewa. Kijana yule alizifuata tu. Faili ilikatika katikati ya kitabu. Baba aliniuliza wiki nzima kama nimepata sehemu iliyobaki, na sikuipata.

Njo vile nilivyoingia mimi mwenyewe katika kosa.

Nilikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert. Rafiki mmoja anayeshuka Dar es Salaam kuchukua bidhaa aliniletea, jalada limekunjwa, kurasa zote ziko. Kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1951, wakati wa ukoloni, na ni kitabu ambacho nusu yake ni mdomo: Karama anashitakiwa kwa sababu anataka kufundisha watu sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Kitabu cha kesi, kitabu cha watu waliokaa wakisikiliza. Nikasema: hiki kinafaa sikio kuliko vyote. Nitamsomea baba mwenyewe, na nitakirekodi kwenye telefone kusudi asikilize nikiwa shambani.

Nilijifungia usiku. Nikasoma kurasa kumi kwa Kiswahili safi kabisa, kile nilichokisikia redioni Dar es Salaam na Nairobi. Nikabana "m" zote: mtu, mtoto, mfalme, kama zinavyoandikwa. Nikalainisha "dh" na "gh" ambazo mdomo wangu hauzijui tangu kuzaliwa. Karama nilimpatia sauti nzito, ya kiume, nikaumwa koo. Asubuhi nikamwachia baba faili, nikaenda.

Nilirudi mchana. Redio ilikuwa imezimwa. "Papa, haukusikiliza?"

"Nilisikiliza. Kuko mwanamuke moja pale anasoma, anaogopa mwalimu wake. Weye utanisomea lini?"

Alijua vizuri kwamba ni mimi. Neno lake liliniumiza siku nzima, nikipalilia, na jioni nilikuwa bado ninabishana naye kichwani: Kiswahili bora ni Kiswahili bora, kitabu ni cha mtu wa Tanga, mimi ni nani nikisome kwa mdomo wa Kamina? Je, mtu wa Tanga akisikia si atacheka?

Nifikie basi lile linaloniwasha. Katika yote niliyosikiliza miaka hii mitatu, mdomo wetu wa Kongo niliusikia mahali pawili: katika muziki, na katika mtu wa kuchekesha. Msimulizi, yule anayejua yote, anayeshika hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuwa na mdomo wetu hata mara moja. Na siwalaumu Watanzania kwa hilo, wao wanasoma kwa mdomo wao na wana haki. Ninatulaumu sisi. Sisi wenyewe tukipewa karatasi tunakimbia mdomo wetu. Nimewaona wenzangu wa promosheni, watu wenye akili, wakisoma tangazo la mkutano kwa wakulima kwa sauti ambayo mama zao hawaijui. Nami nilifanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilirekodi ujumbe wa dakika nne juu ya viwavi vinavyokula moyo wa muhindi: angalia ndani ya majani asubuhi mapema, ponda mayai kwa kidole, usingojee. Niliusoma kama habari za dunia. Mama mmoja aliniambia alisikia, na ilikuwa nzuri, na alifikiri inawahusu watu wa Tanzania. Muhindi wake uliliwa. Nilirekodi tena bila karatasi, kama ninavyoongea naye kisimani, na nikaanza kupigiwa simu za maswali.

Ile ilikuwa ujumbe wangu, nilikuwa na ruhusa ya kubadili maneno. Kitabu cha Shaaban Robert siwezi kukibadili. Mwenzetu mmoja, tuliyesoma naye, alinishauri nikigeuze chote kiwe Kiswahili cha hapa, "kuko, eko, beko", nikipunguze, nikitie nyimbo kidogo. Alisema Waafrika hawasomi, wanasimulia. Alinikumbusha lukasa, ule ubao wa Baluba wenye shanga ambao watu wa Mbudye waliugusa kwa vidole wakisoma habari za wafalme, na kila msomaji aliisema kwa namna yake kufuatana na watu waliokaa mbele yake. Alinikumbusha na bibi zetu waliolia kama fisi tukiwa watoto.

Nilimjibu, na ninalirudia hapa. Lukasa ina shanga, haina sentensi. Msomaji wake alifundishwa miaka mingi kusudi atafute sentensi mwenyewe. Shaaban Robert sentensi alishaitafuta. Akiweka neno "fadhila" mahali pale mimi nikiliondoa, siyo utamaduni, ni uvivu wangu. Juu ya bibi: ni kweli alilia kama fisi, na tuliogopa. Lakini yule fisi alikuwa bibi. Sauti yake ya kila siku, ile ya kutuita kula, iliingia ndani ya fisi, njo maana tuliogopa. Angeazima sauti ya fisi wa filamu, tungecheka.

Kuko kitabu kimoja cha hapa kwetu kilichonionyesha njia kati ya hayo mawili. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa jina la wafanyakazi wa zamani wa nyumbani wa Elisabethville, historia ya mji ule katika Kiswahili cha Katanga. Inajulikana kama Vocabulaire ya Elisabethville. Kimepigwa mashini, maneno yamebandikana ao yamekatwa mahali pasipo pake, na nukta zinakwenda zinavyotaka. Ukikisoma kwa macho peke yake unachanganyikiwa. Fabian, yuleyule wa Mufwankolo, alipotaka kukichapisha alimwomba Kalundi Mango akisome kwa sauti, na kwa sauti ile kikafunguka: wapi sentensi inaanza, wapi inapumua. Hakubadilisha maandishi yawe kitu kingine. Aliyapatia mdomo uliozoea lugha ile. Kitabu kilikuwa kinangojea mdomo.

Basi nikafikiri: kama mdomo wa Katanga ulifungua kitabu cha Katanga, kwa nini usiweze kusoma kitabu cha Tanga, bila kugusa neno hata moja? Nilirekodi upya. Maneno yote ya Shaaban Robert, kama yalivyo. Lakini "mfalme" nikamwacha awe "mufalme" pale ulimi ulipotaka. "Dh" ikawa "z" ao ikawa kitu cha katikati. Karama nikamsoma kwa sauti yangu ya mwanamke wa miaka ishirini na nane, kwa sababu hakuna mtu aliyesema Karama lazima aumwe koo. Nilipofika kwa waziri Majivuno, mshitaki wake, sikumpatia sauti mbaya. Nilimsoma taratibu, kama mtu anayejua atashinda. Hilo nililipata kwa mkubwa mmoja wa ofisi ninayemfahamu, jina siweki.

Halikuwa jambo rahisi. Sentensi za mzee huyu ni ndefu na zina uzani, kama mtu anayepima karanga kwa meka bila kumwaga hata moja. Ukizisoma haraka zinakuwa mahubiri. Kuna ukurasa nilioupiga mara kumi na moja. Na niligundua kitu ambacho kila msomaji wa karte zile anapaswa kukijua: pale nilipokosea mara kwa mara ni pale ambapo sikuelewa. Ulimi wangu ulikuwa haujambo. Kichwa kilikuwa hakijafika. Neno moja nililiendea kwa mwalimu mstaafu, nikatembea nusu saa, naye akalichekea kwanza kabla ya kunieleza.

Baba alisikiliza. Hakusema ni nzuri, si mtu wa namna hiyo. Aliuliza, "Ule Majivuno, kumbe anamuogopa Karama?" Nilikuwa nimesoma sura ile mara ngapi, sikuliona. Alilisikia yeye.

Kitu kimoja tena, na hiki ni cha kulaumu waziwazi. Katika masimulizi mengi niliyonayo, jina la mwandishi halipo. Jina la anayesoma lipo, mara tatu, na namba ya kumtumia pesa. Aliyetunga hadithi amefutwa. Hapo nawasifu Denis Mpagaze na Ananias Edgar wa Tanzania, hata kama mengi yao si hadithi za kubuni: mmoja anaandika, mwingine anasoma, na majina yote mawili yanatajwa. Inachukua sekunde tatu. Watu wangapi hapa wanazijua hadithi kwa moyo na hawajui ni za nani? Nilimuuliza yule kijana wa soko ni nani aliyeandika ile hadithi ya sehemu arubaini. Akaniangalia kama nimemuuliza nani aliandika mvua.

Rafiki mmoja aliichukua faili yangu ya kwanza nzuri akaituma Kamina, ikafika Bukama, watu wananiuliza inayofuata. Mmoja aliniandikia kwamba matamshi yangu yanaharibu Kiswahili. Nimemjibu kwa heshima na ninaendelea. Kila faili inaanza na jina la Shaaban Robert, kisha jina la kitabu. Langu liko mwisho. Tumefika kwa mjumbe wa nne. Baba ananiomba nirudie sehemu ya tatu, eti kuku aliingilia pale Karama anapoanza kujibu. Nimeisikiliza tena usiku huu na waya za masikio yote mawili. Kuku yuko. Nitairudia Jumapili.